Mabaharia wangu wa 1872 wamekwama Nungwi, na babu hasemi na mimi

Shangazi shikamoo,

Sijui hata nianzie wapi maana ishu yangu kila nliyemwambia kacheka, mmoja kaniambia kapumzike wewe umefanya kazi sana. Mi ni kijana wa miaka 27, kwetu Nungwi kule mwisho wa kisiwa, ila sa hivi niko Dar, Mbagala, nina kibanda cha kutengeneza simu. Mchana natengeneza simu za watu, usiku naandika stori kwenye ya kwangu. Naandika kipande kipande nawarushia watu kwenye grupu la WhatsApp, tulianza tuko kumi na mbili, sa hivi tumeshapita mia tatu na wengine hata siwajui wametokea wapi.

Stori yenyewe iko hivi. Kuna jahazi la watu saba limetia nanga Unguja linasubiri kusi ianze liende zake Lamu, mara kikapiga kile kimbunga cha 1872, kile cha kweli kabisa cha tarehe 15 Aprili, kilichozamisha merikebu za Sultan Barghash na majahazi kibao palepale bandarini. Jahazi langu nanga inakatika, linapotelea kwenye giza na mvua, upepo unapokuja kutulia wako Nungwi asubuhi, chombo kimelala ubavu mchangani, mwaka huu tulionao, na pembeni kuna wazungu wamekunja miguu wanafanya yoga. Ndo mwanzo huo, watu walikufa mbavu.

Basi nikaendelea. Baharia mmoja nikamleta Dar, kila kijana anayepishana naye anamwambia "oya baharia vipi", naye anasimama anajibu kila mmoja na kumuulizia chombo chake, mwisho akauliza mbona mji mzima mabaharia na bandarini sijamuona hata mmoja. Nahodha kapanda daladala akasikia redioni nahodha wa Yanga ameumia goti atakuwa nje wiki sita, akainua mikono akamwombea dua, halafu akauliza konda, chombo kaachiwa nani? Serahangi, yule msimamizi wa mabaharia, kapeleka sarafu yake Darajani, sonara akaona imeandikwa 1872 akaanguka chini. Wakafika Forodhani nahodha akaliona jumba la Beit al-Ajaib akalia kwa sauti kwamba sasa nimefika nyumbani. Hiyo ya Forodhani watu walinitumia hadi hela ya vocha.

Shida ya kwanza, nimekwama episodi ya 23. Kila siku grupu zima "warudishe kwao, warudishe kwao", na mimi sijui nawarudishaje. Nimejaribu radi, nimejaribu mganga, nimejaribu kimbunga kingine, nikisoma asubuhi naona aibu nafuta. Na kuna jamaa anataka kuinunua aifanye ya kusikiliza, anataka mwisho wake kabla mwezi haujaisha.

Shida ya pili ndo inayoninyima usingizi. Mambo yote ya chombo nliyoyaandika nimeyatoa kwa babu yangu. Ana miaka themanini na kitu, kaanza bahari akiwa mdogo kwenye majahazi ya boriti, akaja kuwa nahodha mwenyewe, Tanga, Pemba, Mombasa, Lamu zote kazisaga. Nikienda likizo nakaa naye barazani namrekodi. Na episodi zikitoka binamu yangu anamsomea, alikuwa anacheka hadi anakohoa, halafu ananirushia voisi ya kunigombeza, "mjukuu wangu umepandisha tanga katikati ya tufani, hao watu umeshawaua, tanga linashushwa, shehena inatoswa, watu wanashika kamba wanasoma Yasini, tanga si pazia la mkeo hilo." Yaani nlikuwa nasubiri hizo voisi kuliko hela ya vocha.

Mpaka episodi ya 21. Humo ndani kuna mpishi wa jahazi, kijana wa miaka kama 17, na huyu nlimtoa kwa babu mwenyewe, maana aliwahi kunambia babu yake mzaa baba alikuwa jikoni kwenye jahazi tangu mtoto na kile kimbunga alikiona kwa macho yake. Nikamuuliza kwahiyo naye alikuwa baharia? Akasema "alikuwa baharia wa mtu." Nikaandika hivyohivyo kwenye nouti zangu, nikajua msemo tu wa kizamani. Sasa mimi huyu mpishi nikamfanya kichekesho. Anaogopa kila kitu, anatumwa na kila mtu, wali ukiungua nahodha anamchapa kamba ya mgongo. Kwenye 21 anawatoroka wenzake pale Darajani, wanamtafuta mchana kutwa, wanakuja kumkuta kakaa peke yake anakula chipsi mayai, nahodha anamkokota kwa sikio hadi chomboni na watu njia nzima wanacheka.

Binamu anasema babu alimwambia arudie pale pa sikio. Akarudia. Babu akachukua bakora yake akatoka, magharibi haijaingia. Tangu siku hiyo nikipiga simu amelala, ameoga, yuko msikitini, wiki ya tatu hii. Ujumbe alioacha ni mmoja tu, "mwambie yule mtu sikumpa amchezee." Mama anasema kakasirika kwa sababu nakosea matanga, binamu anasema ni utu uzima, mi nahisi labda ni ile chipsi, kwamba nimemfanya mzee wake mlafi.

Shangazi nisaidie, mabaharia nawarudishaje, na babu namrudishaje. Kama nafasi ni ya jibu moja, nipe la babu.

Mjukuu, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nlipofika kwa nahodha wa Yanga nlicheka hadi mkwe wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini, nikamsomea na yeye mwiko ukamdondoka. Mara ya pili nlisoma na kalamu mkononi maana mie ni mtoto wa Pangani, baba yangu alikuwa akipakia nazi kwenye majahazi, siwezi kuona chombo kimeandikwa vibaya nikanyamaza. Mara ya tatu sikucheka. Ntafika huko, ila wacha kwanza nitoe haya madogo yanayoniwasha.

Beit al-Ajaib nahodha wako hawezi kuliona akasema nimefika nyumbani, lile jumba Barghash kalijenga 1883, miaka kumi na moja baada ya kimbunga chako. Mtu wa 1872 anachokijua pale ufukweni ni Ngome Kongwe. Jumba lile lingemtisha, halafu angesikia kwamba hata hilo jipya lake upande mmoja umeshaporomoka, Disemba 2020, akachoka kabisa, yaani kitu ambacho kwake hakijajengwa kwenu kimeshazeeka na kuanguka. Hapo ndo angelia. Rudisha hela ya vocha ya watu.

Na sarafu. Alichokuwa nacho serahangi mfukoni ni riale ya fedha, ile yenye kichwa cha mwanamke, Maria Theresa. Riale ile imeandikwa 1780. Iwe imepigwa 1800, iwe 1872, iwe juzi, maana kule Austria bado wanazipiga, mwaka ni huohuo 1780. Kwahiyo sonara wa Darajani haanguki popote, anaigeuza, anaipima, anampa bei ya fedha kwa uzito, serahangi anatoka na noti zake anashangaa tu mbona huku hawagombani bei. Na sarafu peke yake haiwezi kumshuhudia kwamba ametoka enzi gani, umeona uzuri wake? Umekuwa na kitu kizuri hivyo mkononi ukakiangusha pamoja na sonara.

Halafu unawafanya kama hawana pa kushika, na hapo ndo unapomuudhi babu wa watu. Mabaharia ndo watu waliokuwa wamezoea mambo mageni kuliko mtu yeyote mjini, wameona Muscat, wameona merikebu za moshi za Wazungu, simu yako wangeishangaa siku mbili ya tatu wakaizoea. Saa wangekuuliza ungewajibu na mngeelewana, saa moja yao na saa moja yako ni moja, Mzungu ndo angepotea hapo. Wangeuliza tuko mfungo gani, mzee yeyote msikitini anawajibu. Tena hilo nakupa bure, Aprili 15 ile iliangukia mwanzo mwanzo wa Safar, Mfungo Tano, mwezi ambao wazee wengi hata safari walikuwa hawapendi kuianza. Mtie serahangi aseme "si nlisema tusubiri mwezi utoke", kila nyumba ya pwani ina mtu wa hivyo.

Na nahodha akitaka karafuu Unguja mkamwambia nenda Pemba ndo kwenye karafuu, atakataa, kwake yeye karafuu ni Unguja. Hajui kwamba upepo uleule uliomleta kwenu ndo uliolaza mikarafuu ya Unguja chini, Pemba haikuumia vile, ikapanda juu na haijashuka tena. Yeye alikuwa ndani ya ule upepo na habari hana. Basi, nimemaliza kukuchapa.

Sasa babu.

Mama kakosea, binamu kakosea, na chipsi mayai haina kosa lolote. Babu yako alikupa neno moja ukaliandika kwenye nouti ukalipita. "Baharia wa mtu." Nyinyi vijana mnalisikia mnapita, mie nikilisikia mwili unasisimka. Baharia unasema wa chombo fulani, wa nahodha fulani. Ukisema "wa mtu" ukaishia hapo, kwa wazee wetu maana yake ana mwenyewe. Ana bwana.

Mwaka wako huo wa 1872 soko la watumwa pale Mkunazini lilikuwa wazi, watu wanaingia wanatoka na mtu. Barghash alikuja kutia saini mkataba wa kulifunga Juni 1873. Na kwenye vyombo vya pwani hii watumwa walifanya kazi ya ubaharia kama kawaida, wengine wa nahodha mwenyewe, wengine wamekodishwa, ujira ukitoka bwana anachukua chake kwanza. Sheria ya kuwaacha huru Unguja na Pemba ilikuja 1897. Kijana wako wa miaka 17 piga hesabu mwenyewe, ilimkuta mtu mzima wa miaka arobaini na kitu.

Haya, sasa kaisome tena episodi ya 21 kwa sikio la babu. Mtoto katoroka. Umeandika wewe mwenyewe neno hilo, katoroka, na wala hukulisikia. Wanamtafuta mchana kutwa. Wanamkamata. Anakokotwa kwa sikio kurudishwa kwa mwenyewe na mji mzima unacheka, na watu mia tatu kwenye simu zao wanacheka. Binamu anarudia pale pa sikio. Mwanangu, yule ni babu yake.

Naweza kuwa nimekosea, babu yako sijakaa naye. Lakini nyumbani kwetu Pangani kulikuwa na bibi mmoja, tunamwita bibi, anakula na sisi, analala chumba kimoja na sisi, ndo aliyenifundisha kusuka ukili. Siku moja nikamuuliza mama hivi bibi huyu ni mama yake nani, mama akanambia nenda kachote maji. Mtungi umejaa. Nikamwambia mtungi umejaa, akanambia mwaga kachote tena. Nlimwaga, nikaenda. Sikuuliza tena mpaka mama amekufa na bibi amekufa, na leo nina miaka sitini na tisa sijui ni mama yake nani.

Wewe babu yako hakukwambia nenda kachote maji. Alikaa na wewe barazani simu inarekodi akakupa maneno matatu, na inawezekana mama yako hajawahi kupewa hayo. Halafu akangoja aone utayafanya nini.

Kwahiyo fanya hivi. Kwanza ile episodi ifute. Waambie grupu nimeitoa naiandika upya, na sababu usiwape, watauliza, waache waulize. Maana ukianza kujieleza pale kwamba jamani kumbe babu wa babu yangu alikuwa hivi na hivi, utakuwa umemkokota kwa sikio mara ya pili. Neno lile bado lina meno pwani hii, posa zinaletwa mpaka leo watu wanaulizana asili za watu chini ya sauti, na babu yako ana wajukuu wa kuoza.

Pili nenda. Simu acha kupiga, we fundi simu najua kwako kila kitu ni simu, nenda na miguu yako. Ukifika usitoe cha kurekodia, ikae mfukoni imezimwa. Mpelekee kahawa na halua kidogo, shikamoo yako, kaa chini kwenye mkeka, yeye abaki juu barazani. Neno mtumwa lisitoke mdomoni mwako hata kama linakuwasha. Sema tu, babu, mtu wako nimemchezea, nisamehe. Halafu nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza najua ndo patakushinda, vijana wa sasa mkinyamaza dakika moja mnaona mtandao umekatika, lakini jitahidi. Akianza kukuuliza habari za upepo huko Dar ujue umeshasamehewa nusu. Akikuelezea habari za yule mtu, sikiliza, jina lake akikupa liweke, na usiandike mpaka yeye mwenyewe aseme andika. Asiposema, mpishi wako mbadilishe awe mtu mwingine kabisa, na usinung'unike, babu hakuwa na deni la stori na wewe.

Haya, mabaharia. Grupu linasema warudishe kwao, na wewe unahangaika na radi na waganga. Nani kakwambia wote saba wanataka kurudi?

Nahodha anataka, ana nyumba Lamu, ana mke, ana deni la mfanyabiashara na jina lake liko hatarini. Serahangi anataka. Hao wengine sawa. Mpishi anarudi kufanya nini? Kule ana jiko na kamba ya mgongo. Huku kakaa Darajani mchana mmoja, kaagiza chakula, kaletewa kwenye sahani, kala kakaa, na muuzaji kamwita "kaka". Wewe ukaona ni ulafi. Hajakwama yule mwanangu, katika watu saba wale yeye peke yake kafika.

Tena mpe nahodha nafasi ya kujionyesha. Siku boti ya KMKM, wale askari wa kuzuia magendo, inapita pale Nungwi, nahodha anaiona, anajua ni manowari ya Waingereza, maana zama zake manowari zilikuwa zikisimamisha vyombo vinavyoelekea kaskazini kutafuta watumwa. Kitu cha kwanza anachofanya nini? Hakimbilii shehena. Anamwambia mpishi ingia chini ya mkeka, na ukikohoa ntakutosa. Basi, watu mia tatu wanajua, na wewe hujaandika lile neno popote. Na siku akipita Mkunazini anatafuta soko kwa macho anakuta kanisa, lilianza kujengwa palepale 1873, mpitishe tu, asimame kidogo, usimlize, we unapenda sana kuliza watu.

Kuhusu kurudi kwenyewe wala usiumize kichwa. Chombo kimelala mchangani Nungwi, na Nungwi ndo kwenye mafundi. Mpaka leo wanachonga kwa tezo, wanatoboa kwa keke ile ya kamba na upinde, wanakalafati kwa pamba na mafuta. Dunia nzima hii ya sasa pale ndo mahali pekee mabaharia wako wanafika hawahitaji kuelezwa kitu, serahangi anachukua pamba anakaa ubavuni mwa fundi anaanza kuisokota, fundi hamuulizi katoka wapi, anamsogezea nyundo. Andika hiyo episodi nzima, wanaziba tu chombo, hakuna anayekimbia gari. Halafu kusi ikianza wanatoka. Wameingia na upepo watoke na upepo, radi ya nini.

Sasa utaniambia, Shangazi, mpishi akibaki huku basi kule hatooa, hatozaa, na babu yangu hatozaliwa. Ehee. Nlikuwa nakusubiri hapo. Hiyo ndo stori yako, hizo nyingine ulizoandika ni mbwembwe za njiani.

Siku moja kabla ya kusi, mpishi yuko Nungwi katoroka tena, safari hii kajificha vizuri, hawampati. Kakaa kwenye baraza ya nyumba asiyoijua. Anatoka mzee wa miaka themanini na kitu na bakora. Wanatazamana. Pua ni moja. Mzee kasimuliwa na baba yake habari za yule mtu tangu mdogo, kovu liko wapi, anapenda kuimba nini akipika, anamjua kabla hajafungua mdomo. Mtoto naye hajui lolote, ila anaona mzee anatetemeka.

Nani anamwamkia nani? Hebu fikiria hapo, mimi nimelifikiria hili tangu juzi. Mtoto wa miaka 17 mbele ya mzee, mdomo wake umeshafunguka kusema shikamoo, ndo neno analolijua kuliko yote, kalitoa maisha yake yote kwa kila mtu, asubuhi na jioni, kwa bwana, kwa mtoto wa bwana mdogo kuliko yeye. Hajawahi hata siku moja kusema marahaba, hana aliyempa. Na mzee anamuwahi. Anaweka bakora chini, anasema shikamoo babu.

Hajui ajibu nini. Mwache akae hivyo hivyo mistari miwili mitatu.

Halafu waache waongee usiku kucha, kwa sababu asubuhi chombo kinaondoka na mtoto itabidi achague. Akibaki ni huru leo hii hii. Akirudi ni miaka ishirini na tano ya kuwa wa mtu mpaka 1897, ila mzee huyu aliyemwamkia atakuwepo. Na wewe na wasomaji wako mnajua alichochagua maana babu yako yuko Nungwi sa hivi amekasirika. Mtakachokuwa hamjui ni waliyoongea usiku ule, na hayo mwanangu hata wewe hutakiwi kuyatunga. Muulize babu yeye angemwambia nini. Kama siku hiyo atakuwa anaongea na wewe.

Yule jamaa wa kununua mwambie mwisho wa mwezi hauwezekani. Akikataa akatafute stori ya majini, ziko nyingi.

Panda boti ya asubuhi, ukishuka chukua daladala 116, adhuhuri uko kwenu. Na kufuta ufute ukiwa bado Dar, usije ukafuta umeshakaa mbele yake na simu mkononi.

Shangazi